Miaka kumi kwa jina la Suzanne: askari mtoro wa Paris na mke aliyemficha

Msomaji anauliza: "Nimesikia kwamba kuna askari wa Ufaransa aliyetoroka jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaishi Paris miaka kumi akijifanya mwanamke, na mwishowe akauawa na mke wake mwenyewe. Je, ni kweli au ni hadithi ya kutungwa? Na kama ni kweli, mtu anawezaje kujificha muda wote huo katikati ya mji mkubwa? Halafu kwa nini mambo yaharibike baada ya serikali kumsamehe, wakati ndipo yalipopaswa kutengemaa?"

Ni kweli. Askari huyo aliitwa Paul Grappe, mkewe Louise Landy, na kati ya 1915 na 1925 majirani zao walimjua Paul kama Suzanne Landgard, bibi mmoja aliyeishi na rafiki yake. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mwanamume aliyevaa sketi. Mimi sikioni hivyo. Kutoroka jeshini kulikuwa tendo la siku moja, na wengi walilifanya. Kazi yenyewe ilikuwa kuishi baada ya hapo, kila siku, kwa miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilimwangukia Louise. Ukimfuata Louise badala ya kumkodolea macho mumewe, hilo swali lako la mwisho linaanza kujibika.

Paul alizaliwa mwaka 1891 huko Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Louise alikuwa binti wa Paris, mdogo wake kwa miezi michache tu. Walioana mwaka 1911. Siku hizo kila kijana wa Kifaransa mwenye afya alilazimika kutumikia jeshi, na Paul naye akaitwa. Agosti 1914 vita vilipolipuka, alikuwa tayari ndani ya sare, koplo katika kikosi cha 102 cha askari wa miguu. Hakuwa mtu wa kuitwa kutoka nyumbani akapewa siku mbili tatu za kuaga. Alijikuta ndani ya vita kama mtu aliyelala kwenye mashua ikakatika kamba.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya maangamizi. Tunapofikiria vita vile tunaona mahandaki na matope, lakini mahandaki yalikuja baadaye. Agosti 1914 Wafaransa walikuwa wakisonga mbele mashambani wakiwa wima, na suruali zao nyekundu, kuelekea bunduki za rasharasha. Tarehe 22 Agosti pekee walikufa askari wa Kifaransa wapatao 27,000. Hakuna siku nyingine katika historia ya jeshi hilo iliyoua wengi hivyo. Paul alijeruhiwa mguuni mapema, akatibiwa, akarudishwa. Kabla mwaka haujaisha akajeruhiwa tena, safari hii akapoteza kidole cha shahada.

Hapo ndipo matatizo yake na jeshi yalipoanza. Kidole cha shahada ndicho cha kufyatulia risasi. Askari anayekosa kidole hicho hawezi tena kupigana sawasawa, na kila daktari wa kijeshi analijua hilo, kama anavyolijua kila askari anayetaka kurudi nyumbani. Paul alishtakiwa kwamba amejijeruhi kwa makusudi. Mahakama ya kijeshi haikupata ushahidi wa kutosha, ikamwachia. Lakini kuachiwa hakukumwondolea shaka. Machoni pa wakubwa wake alibaki mtu wa kutazamwa.

Nikawie kidogo hapa, maana msomaji wa leo anaweza kudhani hofu yake ilikuwa ya bure. Katika vita vile Ufaransa iliwapiga risasi askari wake zaidi ya 600 kwa makosa ya nidhamu, na wengi wao waliuawa mwaka 1914 na 1915, siyo 1917 wakati wa maasi ya askari kama watu wanavyodhani. Septemba 1914 walikuwapo askari waliouawa kwa sababu tu walikuwa na jeraha mkononi na daktari mmoja, baada ya kuwatazama harakaharaka, akaandika kuwa wamejipiga wenyewe. Baadhi yao walisafishwa majina baadaye, wakiwa kaburini. Kwa hiyo askari mwenye kidole kilichokatika aliyesimama mbele ya mahakama mwishoni mwa 1914 alikuwa amesimama ukingoni hasa.

Baadaye alikaa hospitali, na huko muda ukavutwa. Kidonda kilichelewa kupona, na kulikuwa na mashaka kwamba kilicheleweshwa. Masika ya 1915 ikaja amri kwamba anafaa, arudi mstari wa mbele. Mwishoni mwa Mei akatoweka.

Kisheria, mtu aliyeondoka hospitali au kambi ya nyuma hakuwekwa fungu moja na aliyeacha nafasi yake mbele ya adui. Huyu wa pili ndiye aliyekabiliwa na kifo. Wa kwanza kwa kawaida alihukumiwa kifungo au kazi ngumu, na mara nyingi adhabu iliahirishwa ili arudishwe vitani akapate nafasi ya "kujirekebisha" huko. Nasema hivi kwa sababu masimulizi mengi humweka Paul mbele ya bunduki za kikosi cha mauaji tangu siku ya kwanza. Lakini kwake tofauti hiyo haikuwa na uzito. Kurudishwa vitani ndiko hasa alikokuwa akikukimbia, na rekodi ya lile shtaka la kidole ingemsubiri kwa mwamuzi yeyote atakayemshika.

Sasa tuje kwenye kujificha. Njia za mtoro kwa kawaida ni mbili. Ama anahamia mbali ambako hakuna anayemjua, anachukua jina jipya na kuanza maisha. Ama anabaki mahali pamoja na kujifungia ndani, mtu mwingine akimlisha. Vita vya Pili vya Dunia vinatupa mfano wa kila njia. Wayne Powers, askari wa Kimarekani, alitoroka mwaka 1944 akajificha kijijini kaskazini mwa Ufaransa, nyumbani kwa mwanamke aliyempenda, hadi alipogunduliwa mwaka 1958. Alibaki na jina lake, na gharama yake ilikuwa kuishi nyuma ya pazia huku watoto wake wakizaliwa. Georg Gaertner, Mjerumani, hakuwa mtoro wa jeshi bali mateka aliyetoroka kambini New Mexico mwaka 1945 kwa kuogopa kurudishwa kwao, eneo ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa Wasovieti. Akajiita Dennis Whiles na kuishi Marekani miaka arobaini, akafundisha watu kuteleza kwenye theluji, akaoa, kisha akajitokeza mwenyewe mwaka 1985.

Paul hakufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Alibaki Paris, mji wa mkewe, mji uliojaa polisi, na hakujifungia. Alichobadilisha ni aina ya mtu ambaye macho ya watu yangemwona.

Na hapo alikuwa na akili kuliko inavyoonekana. Jiulize polisi wa Paris mwaka 1915 alikuwa akimtafuta nani. Alimtafuta mwanamume wa miaka ishirini hadi arobaini na kitu asiyevaa sare. Mtu wa namna hiyo barabarani alikuwa swali linalotembea: kwa nini yuko hapa na si huko? Abiria wenzake walimtazama, akina mama waliofiwa walimtolea maneno, magazeti yalipiga kelele kuhusu waliojibanza nyuma wakati wenzao wanakufa. Agosti 1915 Bunge likapitisha sheria ya Dalbiez iliyolenga kuwatoa watu wa aina hiyo maofisini na viwandani. Ukaguzi ulifanyika vituo vya treni na mikahawani, na kitu kilichoombwa ni kijitabu cha askari, kinachoonyesha kikosi cha mtu na kama ana ruhusa au ameachishwa.

Mwanamke hakuwa na kijitabu hicho, wala hakuna aliyetarajia awe nacho. Raia wa Kifaransa hawakuwa na kitambulisho cha taifa wakati huo. Paris ilianza kutoa kitambulisho cha hiari mwaka 1921, na kitambulisho cha lazima kwa wote kilikuja na serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, mwaka 1940. Kwa hiyo mtu akishakubalika kuwa mwanamke, karibu hapakuwa na karatasi ya kumsuta. Paul hakuhitaji kughushi hati. Ilimtosha kutoka katika lile kundi la watu wanaoulizwa hati.

Hata sheria ya mavazi ilimpendelea kwa namna ya ajabu. Tangu Novemba 1800 Paris ilikuwa na amri ya polisi iliyomkataza mwanamke kuvaa nguo za kiume bila kibali. Waliotunga amri hiyo waliogopa wanawake wanaotaka nafasi ya wanaume. Mwanamume anayetaka kushuka hadi nafasi ya mwanamke hawakumuwazia sana, isipokuwa kwenye kumbi za dansi na mahali polisi wa maadili walipokuwa na macho.

Vita navyo vilikuwa vimebadilisha sura ya mji. Waume walikuwa vitani, wanawake wakawa madereva wa tramu na mafundi wa viwandani, na kufikia mwisho wa vita wanawake wapatao laki nne walikuwa wakitengeneza silaha na risasi. Wanawake wawili kukodi chumba kimoja ili kugawana kodi lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Louise na "rafiki yake" waliingia humo bila kumshangaza mtu.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa kuvaa gauni na kutoka. Masharubu yaliondolewa. Ndevu ziling'olewa kwa umeme, shina moja moja, kazi ya maumivu na ya muda mrefu. Nywele zikaachwa zikue, masikio yakatobolewa. Bado kulikuwa na sauti, mwendo, namna ya kukaa kwenye kiti na namna ya kubeba kikapu, mambo ambayo mwanamke wa Paris aliyafanya bila kufikiri na ambayo mwanamume aliyekuwa koplo alipaswa kuyajifunza mbele ya mwalimu. Mwalimu alikuwa mkewe. Suzanne alifanya kazi za kushona ili kuongeza pato. Wakahamia kule ambako Paul hakujulikana, wakatulia mtaa wa Bagnolet, mashariki mwa mji, katika wilaya ya 20, sehemu ya wafanyakazi. Kuhama kulikuwa lazima. Jengo la Paris lilikuwa na bawabu chini, na bawabu hujua nani ameingia, nani hakutoka na nani anapokea barua kwa jina gani.

Sasa mtazame Louise. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu Paul alipotoroka. Kumhifadhi mtoro lilikuwa kosa la jinai, na mahali pa kwanza askari polisi walipomtafutia mtoro ni kwa mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa na jina la kweli, kazi ya kweli na mshahara unaoweza kuelezeka. Ilibidi awe na jibu kwa kila aliyemuuliza habari za mumewe, miaka ambayo wanawake wote walizungumza habari za waume zao. Hakuweza kushika mimba bila kuzua swali, naye na mumewe walilala kitanda kimoja. Kudai talaka, sheria ilimruhusu tangu 1884 kama mume ana makosa makubwa, lakini talaka ina hakimu, na hakimu angeuliza mume yuko wapi. Alikuwa amejifunga kwenye siri ya mtu mwingine, na ufunguo wa siri ile ulikuwa kumpeleka mumewe gerezani au vitani.

Vita viliisha Novemba 1918. Kwa mtoro havikuisha. Kusitisha mapigano hakufuti kosa la kutoroka, na Ufaransa iliyokuwa imezika watu milioni moja na laki tatu au zaidi haikuwa na haraka ya kuwasamehe waliokimbia. Bunge lililochaguliwa Novemba 1919 lilikuwa na wabunge wengi waliotoka vitani. Misamaha ya mwanzo baada ya vita ilikuja vipande vipande, kwa makosa haya na si yale. Ilibidi kusubiri muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ushinde uchaguzi wa Mei 1924 ndipo msamaha mpana upite, sheria ya tarehe 3 Januari 1925. Kwa hiyo ile "miaka kumi" ya kisa hiki, sita kati yake na zaidi ni miaka ya amani. Paul alijificha muda mrefu zaidi baada ya vita kuliko wakati wa vita.

Na katika miaka hiyo ya amani Suzanne aliacha kuwa maficho. Mitindo ilimsaidia: miaka ya 1920 wanawake wa Paris walikata nywele, magauni yakanyooka na kuficha umbo, na mwanamke mwenye mabega mapana na nywele fupi akawa wa kisasa. Suzanne akaanza kwenda Bois de Boulogne, msitu ulio magharibi mwa mji, ambako usiku watu walikutana kwa mapenzi ambayo mchana hayakusemwa. Alipata wapenzi, wanaume na wanawake, akawa na jina kule. Akamvuta Louise naye aingie katika mikutano hiyo. Aliandika mambo haya mwenyewe katika madaftari, na madaftari hayo yalisalia.

Watu huniuliza: je, Paul alikuwa mwanamke kwa ndani, au alikuwa mwanamume aliyenogewa na mchezo? Siwezi kumpa marehemu jina ambalo hakujipa. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anayejificha kwa hofu tu hukaa kimya, hurudi nyumbani mapema na hukwepa mahali penye polisi. Suzanne alifanya kinyume cha yote hayo. Alikwenda palepale polisi wa maadili walipokuwa wakivizia. Aliyeanza kuvaa gauni ili asife, kufikia 1922 au 1923 alikuwa akilivaa kwa sababu lilimpa maisha ambayo koplo Grappe hakuwahi kuyapata.

Tuingie sasa kwenye sehemu ya swali lako ninayoiona ngumu zaidi: kwa nini msamaha uliwaharibia?

Sheria ya Januari 1925 ilipopita, Paul alirudi kuwa Paul hadharani. Majirani walipigwa na butwaa. Waandishi wa magazeti wakaja, naye akawaeleza, akapigwa picha katika sura zote mbili. Mwishoni mwa mwaka huohuo akazaliwa mtoto wao wa kiume. Ukiishia hapo, ni hadithi ya kheri.

Lakini tazama nini kilirudi pamoja na jina. Paul alikuwa na miaka thelathini na tatu, kidole kimepungua, hana rekodi ya kazi ya miaka kumi, na kila mwajiri aliyemuuliza alikuwa wapi tangu 1915 alipaswa ama kudanganywa ama kuambiwa ukweli. Wanaume wa rika lake walikuwa na medali, pensheni na vyama vya wapiganaji wa zamani, na mazungumzo ya mikahawani yaliwahusu wao. Yeye alikuwa na kisa cha kuchekesha. Umaarufu wa magazeti ulidumu wiki chache. Hakudumu kazini, akanywa pombe sana, akaanza kumpiga mkewe.

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni maoni yangu. Katika miaka ya Suzanne, Louise ndiye aliyekuwa na nguvu nyumbani, atake asitake. Mshahara ulikuwa wake, jina la mlangoni lilikuwa lake, na uhuru wa mumewe ulikaa kinywani mwake. Msamaha ulimpokonya Louise nguvu hiyo asubuhi moja, ukamrudishia Paul cheo cha mume. Na mume wa Kifaransa mwaka 1925 alikuwa na cheo hasa: sheria ya ndoa ilimwamuru mke amtii mumewe, na kifungu hicho hakikufutwa hadi 1938. Fikiria basi mwanamke aliyemlisha, aliyemfundisha kutembea, aliyemkinga kwa miaka kumi, halafu siku moja sheria inamwambia amtii. Na fikiria mwanamume ambaye kila akimtazama mkewe anamwona mtu anayejua kila kitu chake. Siri iliyowaunganisha ilikwisha, na chini yake hapakuwa na ndoa iliyobaki ya kutosha.

Julai 1928, usiku, Paul akiwa amelewa na ugomvi umepamba moto, Louise alimpiga risasi kwa bastola nyumbani kwao. Alieleza kwamba alimwogopea mtoto.

Kesi yake ilisikilizwa Paris Januari 1929. Wakili wake alikuwa Maurice Garçon, ambaye alikuwa tayari na jina kubwa mahakamani na baadaye akawa mmoja wa wajumbe wa Chuo cha Lugha cha Ufaransa. Garçon alikuwa na silaha ambayo mawakili huiota: madaftari ya marehemu mwenyewe. Maneno ya Paul juu ya maisha yake ya usiku yaligeuzwa kuwa shahidi wa upande wa mkewe. Wazee wa baraza, wanaume watupu, maana wanawake wa Ufaransa hawakuruhusiwa kuketi kwenye baraza hilo wala kupiga kura hadi mwishoni mwa Vita vya Pili, wakamwachia huru.

Uamuzi huo haukuwa wa ajabu kwa mahakama za Paris. Julai 1914 Henriette Caillaux, mke wa mwanasiasa mkubwa, aliachiwa huru baada ya kumpiga risasi mhariri wa gazeti la Le Figaro ofisini kwake. Wazee wa baraza walikuwa wepesi kumhurumia mwanamke aliyeshika bastola kwa uchungu. Ila kwa Louise nadhani huruma ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilimlenga marehemu. Mbele ya wanaume ambao, ukitazama umri, wengi lazima walipigana au walizika watoto wao, marehemu alikuwa mtoro, mlevi, mtu wa Bois de Boulogne aliyevaa gauni wenzake wakifa. Sidhani kuna aliyeona hasara kubwa katika kifo chake. Louise alistahili kuachiwa kwa kipigo alichokipata na kwa hofu ya mtoto wake. Kama aliachiwa kwa sababu hizo hasa, hapo ndipo nina shaka. Mtoto wao hakuishi muda mrefu baada ya baba yake.

La mwisho, kwa kuwa umeuliza kama ni hadithi ya kutungwa. Utakutana na kisa hiki katika vitabu, katuni na filamu, na kila kimoja kinaongeza chake. Mambo yaliyosimama imara ni yale yenye hati: kuzaliwa, ndoa, kikosi, shtaka la kidole, kutoroka, msamaha, mauaji, hukumu. Sehemu ya maisha ya ndani imetoka mahali pawili penye mwelekeo. Moja ni magazeti ya 1925, ambako Paul alijisimulia mwenyewe akiwa na furaha ya kuwa mtu mashuhuri. Ya pili ni jalada la wakili Garçon, ambalo wanahistoria wa Ufaransa walilifungua baadaye na kukuta humo madaftari na picha. Lakini jalada hilo lilikusanywa ili mke aonekane mwathirika na mume aonekane mtu wa kutisha. Ukisoma mahali kwamba Paul alikuwa na wapenzi idadi fulani, au kwamba wazo la gauni lilitoka kwa Louise, au kwa Paul, uliza kwanza msimulizi amelitoa katika lipi kati ya hayo mawili.